Swali la Kwanza Mlangoni

 

Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twaomba ruhusa yenu tuuache kidogo mlango wa mirathi tuliokuwa tukiusoma pamoja, tuingie jikoni. Msistaajabu. Tangu mwezi uliopita akina mama wasiopungua watano wametusimamisha, baadhi yao baada ya darsa, wengine njiani tukielekea sokoni, wote na swali moja: "Sheikh, binti yangu ataka kuingia mashindano ya kuoka ya televisheni, kama alivyoingia wako. Nimruhusu?" Kila mmoja tulimjibu neno fupi la kukwepa, kwani jibu la kweli ni refu, na ndani yake mna aibu yetu wenyewe. Leo tunalitoa.

Binti yetu wa pili alianza kuoka akiwa na umri wa miaka tisa, ubavuni mwa bibi yake, mama yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Bibi huyo hakuwa na oveni. Mkate wa sinia aliumimina chomboni, akauweka juu ya seredani, akaufunika kwa bati, na juu ya bati akapanga makaa: moto chini, moto juu. Hakuwa na mizani wala saa. Harufu ya iliki ilipofika ukumbini alijua wakati umewadia. Mkate ukiungua upande mmoja, aliukwangua, akaukata, tukala na chai. Hatukumbuki hata siku moja mtu yeyote nyumbani mle kutakiwa aupe alama.

Mjukuu alirithi mkono huo. Alipomaliza shule alianza kuoka keki za akika, kisha za arusi, na kwa fedha zake mwenyewe akanunua oveni ya umeme. Mwaka jana mama yake alileta habari kwamba kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kikitafuta waokaji wa majumbani washindane mbele ya kamera huko Nairobi. Sisi na mama yake tulikaa, tukashauriana. Tukaweka masharti yetu: vazi lake la heshima libaki vile vile, asitie chomboni kileo, wala jelatini asiyoijua asili yake, na asafiri pamoja na kaka yake. Yote aliyakubali, na wenye kipindi nao waliyakubali. Tukaona tumemaliza wajibu wa wazazi. Tulikuwa tumemlinda na kila kitu isipokuwa sisi wenyewe.

Katika kujiandaa, alikuwa akitazama kila usiku kipindi cha Waingereza kiitwacho The Great British Bake Off, kilichoanza kurushwa na BBC mwaka 2010. Nasi tukawa twaketi naye, kwanza kwa kupitisha wakati, kisha kwa hamu. Washindani wake si wapishi wa kazi, ni watu wa kawaida: mwalimu, daktari, bibi mstaafu, mwanafunzi. Hukusanywa ndani ya hema jeupe lililopigwa katika bustani ya jumba la shamba, na kila juma hupewa mitihani mitatu. Wa kwanza ni wa kitu walichojizoeza kwao. Wa pili ni wa ghafla: hupewa maelezo yaliyokatwakatwa, pengine yasemayo "oka" tu, bila kutaja moto wa kiasi gani wala dakika ngapi, kisha vyombo hupangwa mezani, na waamuzi huonja bila kujua kipi ni cha nani. Wa tatu ni wa fahari, pambo la kuwashangaza watazamaji. Mwisho wa juma mmoja hutukuzwa na mmoja huaga. Na mshindi wa mwisho, baada ya majuma kumi, hapewi fedha. Hupewa kinara cha kuwekea keki na shada la maua.

Tulipolijua hilo tulicheka. Watu wazima kutokwa na machozi kwa ajili ya kinara cha keki! Binti yetu hakucheka. "Baba," akasema, "hawalilii kinara." Tukamwuliza walilia nini basi. Akajibu, "Kuonekana hawawezi." Neno hilo lilitupita masikioni wakati ule kama upepo.

Aliyempenda kuliko wote ni Nadiya Hussain, aliyeshinda mwaka 2015. Huyu ni Mwislamu, mzaliwa wa mji wa Luton, wazee wake wenye asili ya Bangladesh, na wakati ule alikuwa mama wa nyumbani mwenye watoto watatu, mtandio wake kichwani. Mumewe ndiye aliyemhimiza kuingia. Alipata kueleza baadaye kwamba alihofu watu wangemtazama mwanamke Mwislamu aliyejitanda, wakajiuliza iwapo aweza kweli kuoka. Wasomaji wetu, lipimeni jambo hilo. Wenzake walikuwa na mzigo wa unga na saa. Yeye alikuwa na unga, na saa, na juu yake umma mzima. Keki yake ikizama, hazami peke yake.

Uso wake haukujua kuficha kitu. Kila hofu ilipita pale kama kivuli cha wingu juu ya maji. Juma moja wakati ulimtupa mkono, akapeleka mbele ya waamuzi vikombe vya unga ambavyo hakuwahi kuvijaza. Hata hivyo alifika fainali, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa keki ya arusi. Yeye mwenyewe aliolewa huko Bangladesh, wala arusini kwake hapakuwa na keki. Hivyo akajiokea ile aliyoikosa, ya ndimu, akaipamba kwa vito vya arusi yake na kitambaa cha sari cha rangi za bendera ya Uingereza. Waliomtazama usiku ule walipita milioni 13. Mwaka uliofuata alioka keki ya miaka 90 ya Malkia Elizabeth.

Binti yetu aliitazama fainali hiyo mara nyingi. Nasi tukapewa kazi katika mazoezi yake: kushika saa. Tuliketi mlangoni mwa jikoni na saa yetu ya mkononi, tukipaza sauti, "Dakika kumi! Dakika tano!" kama tulivyowaona watangazaji wa kipindi. Twakiri kwamba kazi hiyo ilitupendeza kupita kiasi. Keki ikitoka tuliikata, tukaonja na kunyamaza kidogo kama wafanyavyo waamuzi, kisha tukasema, "Tena." Watoto wa madrasa walikula keki ya nazi mwezi mzima hata wakaanza kuikataa. Mikono ya binti yetu ilikuwa ikitetemeka katika dakika za mwisho. Tuliiona. Tukadhani dawa ya kutetemeka ni kurudia.

Na kuna jambo jingine. Barazani, baada ya sala ya Isha, wenzetu walipotuuliza habari zake, tulikuwa tukisema, "Inshallah ataturudia na ushindi." Tulilisema mara nyingi. Hakuna aliyetulazimisha kulisema.

Siku ya siku ikafika. Yaliyotokea tuliyajua baadaye, kidogo kidogo, kutoka kwa kaka yake na kisha kwake mwenyewe. Ulikuwa ukumbi wenye taa kali, joto lake kama la chumba cha bati mchana. Kila mshindani na meza yake na oveni asiyoijua tabia. Mtu akipima sukari, hujiwa na kipaza sauti na kuulizwa, "Waonaje, utafaulu?" naye ni lazima ajibu na tabasamu, na hesabu ya vijiko ikamruka kichwani. Binti yetu alichagua keki ya tabaka tatu ya tui la nazi na iliki, ile aliyoitoa salama nyumbani zaidi ya mara ishirini.

Ilipanda upesi, ikapanda vizuri kuliko ilivyopata kupanda, ikapita ukingo wa chombo. Waliokuwa karibu wakamsifu. Kisha, ndani ya oveni, mbele ya kioo na mbele ya kamera, ikazama katikati kama kaburi la zamani. Zilikuwa zimesalia dakika arubaini na tano. Akachanganya nyingine, kwa kipimo kile kile, kwa mikono ile ya kutetemeka. Nayo ikazama vile vile. Akafukia mashimo kwa krimu, akapeleka. Waamuzi hawakumdhulumu, walisema kwa upole kwamba ndani ni mbichi na umbo limeanguka, na ndivyo ilivyokuwa. Hapo akalia, na kamera haikugeuka.

Sababu aliijua baada ya siku nyingi, kutoka kwa fundi mmoja wa keki wa huko huko. Sisi wa Mombasa tunaishi usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu yake. Huko hewa ni nyepesi, haiukandamizi unga kama huku. Hewa inayotoka kwenye bekingi pauda hufura upesi, keki ikapanda kabla haijashikana, na isiposhikana huanguka. Waokaji wa bara hulijua hilo: hupunguza bekingi pauda, hupunguza sukari kidogo, huongeza maji au maziwa. Binti yetu hakukosea mkono. Alichukua kipimo cha pwani akakipandisha mlimani, wala sisi tuliomsimamia na saa mwezi mzima hatukuwa na elimu hiyo. Tulichojua ni kuhesabu dakika.

Alirudi kwa treni ya jioni. Ilikuwa imepita saa nne usiku walipofika mlangoni, yeye na kaka yake. Hatukuwa tumelala. Tulisikia gari, tukatoka, tukamwona ameshika mkoba wa vyombo kwa mikono miwili, mtandio umepinda, macho yamevimba. Mtu mwenye macho hakuwa na haja ya kuuliza. Nasi neno la kwanza lililotutoka, kabla ya salamu, kabla ya kumpokea mkoba, lilikuwa hili: "Umepita?"

"La, Baba," akasema, akatupita akaingia ndani.

Mama yake alikuwa nyuma yetu. Yeye alimshika bega, akamwuliza, "Umekula, mama?" Wakaenda jikoni. Tukabaki kizingitini na usiku wetu.

Tulipolala usingizi haukuja, kwa kuwa swali la mama yake lilikuwa limegusa mahali. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwezi wa Ramadhani, katika ua wa msikiti, siku ya mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Tulipewa sura tuliyoijua hata tungeisoma usingizini. Tukaanza vyema. Tulipoinua macho tukaona nyuso, safu baada ya safu, na marehemu baba yetu katika safu ya mbele, ulimi ukakwama. Wakatukumbusha aya, tukaipokea, tukakwama tena. Watoto wakacheka. Tulishuka miguu ikiwa si yetu.

Maalim wetu alikuwa mtu mkali. Bakora yake twaikumbuka hata leo. Tulingoja ghadhabu yake. Akainuka, akatushika mkono mbele ya wote, akatutoa nje hadi kwa muuza kaimati. "Umefuturu nini?" akatuuliza. Tukamwambia tende na maji tu, kwa khofu. Akatununulia kaimati za moto, akasimama nasi hadi tulipozimaliza, akatusindikiza hadi nyumbani bila kuitaja ile sura. Kesho yake darasani alituanzisha pale tulipoachia wiki iliyotangulia, kana kwamba usiku ule haukuwapo. Umri wetu wa kusomesha wote umetokana na kaimati zile. Lau angetuuliza jambo jingine, pengine tusingerudi chuoni.

Wema huo tulikuwa tumeukalia miaka arubaini kama urithi usiogawanywa. Siku ulipotakiwa, tukatoa swali la mwamuzi. Na tukijihesabu kwa haki, lile "Umepita?" halikuwa swali juu yake. Lilikuwa juu yetu: barazani kesho tutasema nini?

Mtihani haukuishia hapo. Katika mashindano ya namna hii mshindani hutia sahihi kwamba hatatoa siri ya matokeo mpaka kipindi kirushwe. Nadiya naye alishinda wakati wa kiangazi, na watazamaji hawakujua hadi Oktoba. Siri ya ushindi ni nzito, lakini ina utamu wake. Siri ya kushindwa haina. Kwa majuma matano binti yetu alikutana na watu wakimtania, "Tuletee zawadi bwana!" naye akitabasamu. Oveni hakuiwasha. Kila mteja aliyepiga simu aliambiwa ana udhuru.

Kisha kipindi kikarushwa. Usiku ule ule kipande cha yeye akilia kilikuwa kimeshaenea katika simu za mji mzima, na chini yake vijipicha vya kucheka. Wengine waliokituma ni jamaa zetu wa damu, watu wanaotuomba dua. Hatudhani walikusudia kumwumiza. Walimwona msichana ndani ya simu, wakasahau kwamba ni yule yule anayewapelekea vileja siku ya Idi.

Likaja na la pili, baya zaidi, kwa sababu lilivaa kanzu ya mapenzi. Waliomtetea walianza kusema kwamba mshindani wa meza ya pili, msichana wa watu kutoka bara, alionekana akipita karibu na oveni yake. Bila shaka ndiye aliyegeuza kitufe cha moto. Maneno hayo yalitufikia barazani, nasi, twaomba msamaha wa Mola wetu, kwa muda wa dakika moja yalitupendeza. Yangeliokoa jina letu bila gharama.

Kilichotuzuia ni kisa tulichokiona katika kipindi kile kile cha Waingereza. Mwaka 2014 walipewa mtihani wa keki ya barafu: malai huwekwa juu ya keki, hufunikwa kwa povu la ute wa mayai, kisha huokwa kwa dakika chache. Siku ilikuwa ya joto. Mshindani mmoja, Iain Watters, akakuta malai yake yametolewa kwenye friza na yameyeyuka. Ghadhabu ikampanda, akaitupa kazi yake yote katika pipa la taka, akatoka hemani. Na wakati wa hukumu ulipofika akaliweka pipa lenyewe mbele ya waamuzi. Aliondolewa juma hilo. Kwa kuwa kipindi kilionyesha mama mmoja mtu mzima akiyatoa malai hayo, watazamaji wakamrukia mama wa watu kwa matusi, na malalamiko kwa mamia yakaandikwa. Mtangazaji Sue Perkins alijitokeza akasema malai yale yalikaa nje sekunde 40 tu. Lakini nani aliyesikiliza? Watu walikuwa wamekwisha kuhukumu kwa kipande kilichokatwa na kuungwa na wengine.

Dhana mbaya tumekatazwa katika Suratul Hujurat, nasi tumeisomesha sura hiyo mara zisizo idadi. Usiku ule tukawaambia wenzetu barazani habari ya hewa ya Nairobi na bekingi pauda, na tukawaambia yule msichana hana kosa. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo alishindwa tu?" Tukajibu, "Ndiyo. Alishindwa tu." Neno lilikuwa chungu kulitoa, na lilipokwisha kutoka tulipumua.

Asubuhi yake, baada ya sala ya Alfajiri, tulimkuta jikoni akichemsha chai. Tukamwomba radhi. Kwetu pwani baba hana mazoea ya kumwomba radhi mtoto, na maneno hayakututii upesi. Tulimwambia kwamba usiku ule mlangoni tulimkosea, kwamba tulipaswa kumwuliza hali yake. Alinyamaza, akitazama sufuria. Kisha akasema: "Baba, keki ya kwanza ilipozama sikuwasikia waamuzi. Niliisikia sauti yako inasema, 'Tena.'"

Hatukuwa na la kujibu. Tulikunywa chai.

Twalieleza hili kwa kuwa wazazi wengi hudhani shinikizo la mashindano liko kwenye taa na kamera na saa ya ukutani. Liko, na si dogo. Lakini hizo hubaki ukumbini. Mtoto hupanda jukwaani na sauti za nyumbani kwao, na katika dakika tano za mwisho hizo ndizo anazozisikia. Zikiwa za rehema, zitamshika mkono. Zikiwa za hukumu, atakuwa na waamuzi wengi kuliko walioketi mezani.

Wala tusidhani ushindi ni tiba. Mwaka 2019, miaka minne baada ya kushinda, Nadiya alitoa filamu pamoja na BBC akieleza wazi kwamba tangu utotoni anaishi na maradhi ya fadhaa: moyo kwenda mbio, pumzi kukatika, khofu isiyo na sababu ya kuonekana. Alieleza jinsi wenzake walivyomdhalilisha shuleni, na watazamaji wakamwona akiketi na mtaalamu kujifunza kuishi na maradhi hayo. Kinara cha keki hakikuyaondoa, wala keki ya Malkia. Akina mama, mkimwona binti halali, hali, mikono yatetemeka, kifua chambana, msimwambie ni udhaifu wa imani. Mwombeeni dua, na mpelekeni kwa daktari au mshauri anayeaminika. Moja haliliondoi jingine.

Binti yetu aliwasha oveni juma la saba. Hakutangaza. Tuliisikia harufu ya iliki kutoka ukumbini, kama zamani za bibi yake, tukakaa tulipo. Alipoleta kipande tulikila. Alisimama akingoja, kwa mazoea tuliyompa sisi. Tukaomba cha pili.

Mwezi huu alikwenda Nairobi kuoka keki ya arusi ya binti wa shangazi yake. Safari hii alipunguza bekingi pauda, akaongeza tui, akajaribu keki ndogo kwanza katika oveni ya wenyeji. Alipopiga simu usiku tulimwuliza kama amekula na amelala wapi. Akacheka. "Baba, mbona huulizi keki?" Tukamwambia tutaiuliza akirudi.

Sasa akina mama mliotuuliza, jibu letu ni hili. Masharti ya vazi, ya vyakula vya halali na ya safari mnayajua. Yawekeni na yashikeni. Kisha, kabla hamjaitia sahihi fomu, kaeni na binti mumweleze, kwa maneno, mtamwuliza nini atakaporudi, na mlihifadhi swali hilo kama mhifadhivyo sura, ili usiku wa saa nne, mkoba mikononi mwake na macho yamevimba, ulimi usikwame. Nyumba isiyoweza kuahidi hivyo isimpeleke mtoto mashindanoni, yawe ya keki, ya mitihani ya shule, au ya Qur'ani. Iwezayo, impeleke kwa baraka.

Nasi wanaume wa barazani tujifunze kunyamaza kidogo juu ya ushindi usiokuwa wetu.

Juma lijalo, inshallah, tutaurudia mlango wa mirathi pale tulipoachia, katika fungu la bibi. Twamwomba Mola awape watoto wetu nyoyo tulivu na mikono thabiti, na atupe sisi wazazi ndimi za rehema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.